Uganda Cranes: Jinsi kocha anavyoondolewa, anavyorithiwa, na matatizo anayomwachia mrithi wake

Kati ya mwaka 2013 na 2023 kiti cha kocha mkuu wa timu ya taifa ya soka ya Uganda kilibaki wazi mara 5. Makala haya yanaeleza nani huamua kocha aondoke, nini hufuata baada ya hapo, na kwa nini kumbadilisha kocha hakukuleta matokeo yale yale kila mara.

Mambo muhimu

• Uganda ilikosa kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2023 kwa tofauti ya alama 1, na kocha Milutin "Micho" Sredojević akaondoka.
• Mrithi wake, Paul Put wa Ubelgiji, aliifikisha timu kwenye michuano ya 2025.
• Katika kipindi chote hicho, makocha wazawa walipewa timu kwa muda tu. Mikataba ya kudumu ilikwenda kwa Wazungu.

Ggaba ni mtaa ulio kusini mashariki mwa Kampala, katika tarafa ya Makindye, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Unajulikana kwa mwalo wake wa samaki, soko lake, na mitambo inayosafisha maji ya ziwa kwa matumizi ya jiji. Kama ilivyo katika mitaa mingine ya mji huo mkuu, shabiki wa Cranes anayeishi Ggaba anaweza kupanda teksi au bodaboda hadi uwanja wa Mandela, maarufu kama Namboole, upande wa mashariki wa jiji, timu ya taifa inapocheza nyumbani.

Kwa miaka kadhaa safari hiyo haikuwezekana. Namboole, uliofunguliwa mwaka 1997, ulitumika kuwahudumia wagonjwa wa UVIKO-19, kisha ukafungwa kwa ukarabati. Mwaka 2023, timu ilipokuwa katikati ya safari ya kuwania nafasi katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Uganda haikuwa na uwanja wenye viwango vinavyotakiwa na Shirikisho la Soka Afrika, CAF. Mechi zake za "nyumbani" dhidi ya Tanzania na Algeria zilihamishiwa Ismailia nchini Misri na Douala nchini Cameroon. Watu wa Ggaba, kama Waganda wengine wengi, waliifuata timu yao kwa redio na televisheni.

Ni katika mazingira hayo ndipo kazi ya kocha ilipopimwa.

Alama 1 iliyoamua ajira

Uganda ilikuwa kundi moja na Algeria, Tanzania na Niger. Tarehe 24 Machi 2023 ilifungwa na Tanzania bao 1-0 mjini Ismailia. Siku 4 baadaye ililipiza kwa ushindi kama huo jijini Dar es Salaam. Mwezi Juni ilifungwa na Algeria mabao 2-1 mjini Douala.

Mechi za mwisho zilichezwa tarehe 7 Septemba 2023. Uganda iliishinda Niger 2-0 mjini Marrakech, lakini hatima yake haikuwa tena mikononi mwake. Usiku huohuo Tanzania ilitoka sare ya 0-0 na Algeria mjini Annaba. Msimamo wa mwisho ulikuwa Algeria alama 16, Tanzania 8, Uganda 7 na Niger 2. Furaha ya Dar es Salaam ikawa majonzi ya Kampala.

Mwezi huohuo Shirikisho la Soka la Uganda, FUFA, liliachana na Micho, raia wa Serbia, aliyekuwa amerejea mwezi Julai 2021 kwa mkataba wa miaka 3. Mwezi Novemba 2023 nafasi yake ilichukuliwa na Paul Put, aliyeifikisha Burkina Faso kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2013.

Nani ana uwezo wa kumwondoa kocha?

Kocha wa taifa huajiriwa na FUFA, yenye makao yake Mengo, Kampala. Uamuzi wa kumteua au kumwondoa uko kwa uongozi wa shirikisho, ambao tangu 2013 umeongozwa na Moses Magogo. Serikali nayo huchangia gharama za timu ya taifa, kwa hiyo mshahara wa kocha unategemea pia fedha za umma zinapotolewa.

Kuondoka kwa kocha huchukua sura tofauti. Anaweza kufutwa kazi, anaweza kusimamishwa kwa muda, anaweza kujiuzulu, au pande mbili zinaweza kukubaliana kuvunja mkataba. Msemo wa "makubaliano ya pande mbili" husikika mara nyingi kwa sababu huzipunguzia pande zote gharama ya mvutano wa kisheria.

Tangu Januari 2021, kanuni za Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, zina sehemu maalumu kuhusu mikataba ya makocha. Anayevunja mkataba bila sababu ya haki hulipa fidia. Kwa kawaida, kocha ambaye hajapata kazi nyingine hudai thamani ya muda uliosalia katika mkataba wake. Akipata kazi mpya, mapato yake mapya ya kipindi hicho hupunguzwa katika dai. Kocha ambaye hajalipwa mishahara ya miezi 2 anaweza naye kuvunja mkataba, mradi amempa mwajiri notisi ya maandishi ya siku 15 ili alipe deni.

Hivyo, shirikisho linalomwondoa kocha kabla ya muda wake linaweza kujikuta linalipia watu wawili kwa kazi moja.

Mabadiliko 5 katika miaka 10

Historia ya karibuni inaonyesha kwamba kila mabadiliko yalikuwa na sababu yake.

2013: Bobby Williamson wa Scotland aliondolewa baada ya Uganda kufungwa na Liberia 2-0 katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia. Alikuwa ameiongoza timu tangu 2008 na kutwaa ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati, CECAFA, mara 4, lakini hakufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Nafasi yake ilichukuliwa na Micho. Mwaka huohuo Williamson alikwenda Kenya na kuipa Gor Mahia ubingwa wa ligi ulioikwepa kwa miaka 18.

2017: Micho alijiuzulu mwezi Julai, akieleza kuwa hakuwa amelipwa mishahara yake, na kujiunga na Orlando Pirates ya Afrika Kusini. Kocha mzawa Moses Basena alikabidhiwa timu kwa muda. Tarehe 31 Agosti 2017 aliiongoza kuifunga Misri 1-0 jijini Kampala, kwa bao la Emmanuel Okwi. Hata hivyo, mwezi Desemba mkataba wa kudumu ulipewa Mfaransa Sébastien Desabre.

2019: Desabre aliifikisha Uganda hatua ya 16 bora ya Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, baada ya kuifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2-0 na kutoka sare na Zimbabwe. Timu ilitolewa na Senegal kwa bao 1-0, katika siku ambazo wachezaji walikuwa wamegoma kufanya mazoezi kwa sababu ya posho. Mwezi Julai kocha na shirikisho waliachana kwa makubaliano.

2021: Johnathan McKinstry wa Ireland Kaskazini, aliyetwaa ubingwa wa CECAFA mwezi Desemba 2019, aliwekwa kando mwezi Februari baada ya timu ya wachezaji wa ligi ya ndani kushika mkia katika kundi lake kwenye michuano ya CHAN nchini Cameroon. Mwezi Aprili aliondoka rasmi, na Micho akarejea mwezi Julai.

2023: Micho aliondoka kwa mara ya pili, safari hii baada ya kukosa kufuzu.

Wakati ni sehemu ya uamuzi

Mabadiliko ya 2021 ndiyo yanayoonyesha vizuri hatari ya kumwondoa kocha katikati ya safari. Uganda ilikuwa na alama 7 katika mechi 4 za kufuzu kwa Kombe la Mataifa ya Afrika, na zilibaki mechi 2. Chini ya Abdallah Mubiru, aliyeshika timu kwa muda, Uganda ilitoka sare ya 0-0 na Burkina Faso. Tarehe 29 Machi 2021 ilihitaji sare tu ugenini dhidi ya Malawi. Ilifungwa 1-0, na Malawi ikafuzu.

Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba McKinstry angepata sare hiyo. Kinachojulikana ni kwamba kocha mpya alipewa majuma machache kuiandaa timu kwa mechi mbili zilizobeba kazi ya mwaka mzima na zaidi.

Mfano wa kinyume chake unatokana na kipindi cha kwanza cha Micho. Alikosa kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2014. Kisha alikosa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2015, baada ya kufungwa na Guinea 2-0 katika mechi ya mwisho. Shirikisho halikumwondoa. Tarehe 4 Septemba 2016, bao la Farouk Miya dhidi ya Comoro pale Namboole liliipeleka Uganda kwenye michuano ya 2017, ikiwa ni mara ya kwanza tangu 1978, ilipofika fainali na kufungwa na Ghana.

Ni kocha yuleyule. Mara ya kwanza alikosa kufuzu akabakizwa, na timu ikavunja ukame wa miaka 39. Mara ya pili alikosa kwa alama 1, huku Namboole ukiwa umefungwa, akaondoka.

Tofauti na ligi ya AFL

Wasikilizaji wanaoishi Australia wameshuhudia jambo linalofanana na hili katika AFL. Tarehe 5 Agosti 2025 klabu ya Melbourne ilimfuta kazi Simon Goodwin, aliyekuwa na mkataba hadi mwisho wa 2026. Miaka 4 kabla ya hapo alikuwa ameiletea klabu hiyo ubingwa wake wa kwanza baada ya miaka 57. Msaidizi wake, Troy Chaplin, alimalizia msimu, kisha Steven King akateuliwa kuwa kocha mpya.

Kama Micho, Goodwin hakulindwa na historia aliyoiandika. Lakini mazingira ya kazi zao hayafanani. Klabu ya AFL hucheza takribani kila wiki, na kila timu ilikuwa na mechi 23 katika msimu wa kawaida wa 2025. Kocha mpya huwa na wachezaji wake mazoezini wakati wote wa maandalizi ya msimu. Kocha wa timu ya taifa ya soka huwapata wachezaji wake kwa siku chache, mara chache kwa mwaka, na wengi wao hutoka katika klabu za nchi mbalimbali. Kosa moja katika mechi moja linaweza kumgharimu miaka 2.

Kilichobadilika baada ya 2023

Chini ya Paul Put, Uganda ilifuzu mwezi Novemba 2024 kwa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025 nchini Morocco, ambako ilipangwa kundi moja na Nigeria, Tunisia na Tanzania. Wanaounga mkono uamuzi wa FUFA wana haki ya kutaja matokeo hayo.

Lakini kocha hakuwa jambo pekee lililobadilika. Mwaka 2024 Namboole ulifunguliwa tena, na Cranes wakarudi kucheza mbele ya watu wao. Put alipewa kitu ambacho mtangulizi wake hakuwa nacho katika safari yake ya mwisho.

Kwa hiyo, tangazo la kocha mpya linapotolewa Mengo, maswali ya kuuliza ni zaidi ya jina lake. Mkataba wake ni wa muda gani? Mshahara wake utalipwa kwa wakati? Posho za wachezaji zimekubaliwa kabla ya mashindano? Mechi za nyumbani zitachezwa nyumbani? Na kocha mzawa aliyeishika timu kwa muda alipewa nafasi ya kushindania kazi hiyo?

Kati ya 2013 na 2023, mishahara, posho na uwanja vilichangia matokeo ya Cranes chini ya zaidi ya kocha mmoja. Hayo ni mambo ambayo barua ya kumfuta mtu kazi haiwezi kuyatatua.