Bakshishi Inayotangulia Chakula

Anayeagiza chakula kwa simu Chicago au Houston huulizwa atatoa bakshishi kiasi gani kabla mpishi hajagusa sufuria. Atakayekileta chakula hajulikani bado. Huenda wakati huo yuko mtaa wa tatu, akisubiri simu yake ilie. Hakuna kilichotendwa cha kushukuriwa, na bado fedha hizo zinaitwa shukrani. Wengi huwatupia lawama wahandisi wa California, kana kwamba walibuni ujanja ambao haukuwahi kuonekana. Lawama hiyo inawapa sifa kupita kiasi. Kampuni za programu zimerithi mpango uliokuwapo Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, ambao humfanya mteja alipe sehemu ya mshahara wa mtu asiyemwajiri. Zilichoongeza zenyewe ni kuihamisha bakshishi kutoka mwisho wa kazi hadi mwanzo wake, na badiliko hilo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana.

Desturi ya bakshishi ilishika mizizi Marekani baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ikiletwa na matajiri waliokuwa wakizuru Ulaya. Iliyoigeuza kuwa mfumo wa biashara ilikuwa, kuliko zote, kampuni ya George Pullman, iliyoanzishwa mwaka 1867 na kukodisha mabehewa ya kulala kwa kampuni za reli. Wahudumu wa mabehewa hayo walikuwa wanaume Weusi, wengi wa mwanzo wakiwa wametoka utumwani juzi tu. Walitandika vitanda, wakang'arisha viatu usiku kucha, na abiria wakawaita wote “George”, kwa jina la mwajiri, kama watumwa walivyoitwa kwa majina ya mabwana zao. Mwaka 1915 tume ya serikali ilipochunguza hali za kazi, mshahara wa mhudumu ulikuwa dola 27.50 kwa mwezi, na dawa ya viatu alijinunulia mwenyewe. Mwenyekiti wa kampuni aliyehojiwa na tume hiyo alikuwa Robert Todd Lincoln, mtoto wa rais aliyetangaza uhuru wa watumwa. Kampuni ilijua kabisa kwamba hakuna anayeweza kuishi kwa mshahara ule. Hesabu yake ilikuwa kwamba abiria atajazia. Ndiyo maana chama cha wahudumu kilichoundwa mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph kilidai mshahara unaotosha, ili mtu asiishi kwa kutazama mkono wa abiria. Mkataba na Pullman haukupatikana mpaka mwaka 1937.

Si kwamba Wamarekani waliipokea desturi hii bila ubishi. Jimbo la Washington liliipiga marufuku mwaka 1909, majimbo mengine matano yakafuata, na kufikia mwaka 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Kisha sheria ikageuka upande wa pili. Ile ya serikali kuu ya mwaka 1938 iliyoweka kima cha chini cha mshahara iliwaacha nje wafanyakazi wengi wa hoteli na migahawa. Walipoingizwa mwaka 1966, mwajiri aliruhusiwa kuhesabu bakshishi kuwa sehemu ya kima hicho. Kiwango cha serikali kuu ambacho mwajiri wa mhudumu wa mgahawa analazimika kutoa mfukoni mwake ni dola 2.13 kwa saa, na hakijapanda tangu mwaka 1991. Sadaka ya mteja ikawa, kisheria, punguzo la deni la tajiri.

Programu za chakula zilipokuja, ziliikuta njia imeshalimwa. DoorDash, kampuni iliyozaliwa mwaka 2013, ilianza mwaka 2017 kumwahidi dereva kiasi maalumu kwa kila oda. Tuseme ameahidiwa dola 7. Mteja asipotoa kitu, kampuni inalipa zote 7. Mteja akitoa 3, kampuni inalipa 4, na dereva anabaki na zilezile 7. Mteja aliamini amempa dereva, kumbe ameipa kampuni. Mwaka 2019 habari hizo zilipoenea magazetini, mpango ukabadilishwa, na Februari 2025 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 16.75 kumaliza madai ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York. Kabla yake, mwaka 2021, Amazon ilikuwa imekubali kurudisha zaidi ya dola milioni 61 za bakshishi ambazo hazikuwafikia madereva wake. Pullman angeielewa hesabu ya DoorDash mara moja. Ila hata yeye hakuweza kuona kila senti iliyotoka mfukoni mwa abiria. Simu inaiona yote.

Baada ya kashfa hizo bakshishi inamfikia dereva, na hapo watetezi wake husema mambo yamekaa sawa: madereva wenyewe wanaitaka, na mteja ana haki ya kumzawadia anayefanya kazi vizuri. La kwanza ni kweli. Uchunguzi wa jiji la New York uliotolewa mwaka 2022 ulikuta waleta chakula wakipata wastani wa dola 14.18 kwa saa kabla ya gharama za baiskeli na simu, nusu yake ikiwa bakshishi. Anayekula kwa nusu hiyo hawezi kufurahi ikiondolewa kabla mshahara haujaletwa. Lakini kuing'ang'ania hakuonyeshi kwamba mpango ni wa haki. La pili linaanguka kwa sababu ya saa. Dereva huonyeshwa malipo ya oda, bakshishi ikiwemo, kabla ya kuikubali. Oda isiyo na bakshishi hukataliwa na huyu na yule, chakula kikapoa kaunta. Bakshishi hapo ni dau katika mnada, na mteja anashindana na majirani zake asiowaona. Mwaka 2020, janga la korona lilipopamba moto, baadhi ya wateja wa Instacart, programu ya kuletewa bidhaa za dukani, waliahidi bakshishi nono ili wahudumiwe upesi, kisha wakaipunguza mzigo ulipofika mlangoni.

Ushahidi mkubwa zaidi umetoka New York. Waleta chakula, wengi wao wahamiaji kutoka Guatemala, Mexico na Afrika Magharibi, walijipanga, na jiji likaweka kiwango cha dola 17.96 kwa saa, kilichoanza Desemba 2023 baada ya kampuni kushindwa kukizuia mahakamani. DoorDash na Uber Eats zilifanya nini? Zilikiondoa kitufe cha bakshishi kwenye ukurasa wa malipo na kukiweka baada ya oda kutumwa. Bakshishi zikaporomoka. Zilijitetea kwamba ada zimepanda na mteja ameshalemewa, na hoja hiyo si ya kupuuza, kwani fedha za mshahara lazima zitoke mahali. Lakini kitufe kilichosemekana kuwa cha kumshukuru dereva kilihamishwa mara tu mshahara ulipoacha kukitegemea. Kama kingekuwa cha shukrani, kwa nini kisingebaki palepale?

Mwaka 2025 baraza la jiji la New York lilipitisha sheria ya kukirudisha kitufe hicho, kwa ombi la wafanyakazi. Mwezi Julai mwaka huohuo Bunge la Marekani nalo likaruhusu hadi dola 25,000 za bakshishi kwa mwaka zisihesabiwe katika kipato kinachotozwa kodi na serikali kuu, mpaka mwaka 2028. Nafuu hiyo imepokelewa kwa shangwe, na waleta mizigo wamo katika orodha ya wanaonufaika. Mshahara wao, ukiwapo, utaendelea kukatwa kodi. Na kampuni ikipima ilipe dola moja au imwachie mteja ailipe, sasa itakuwa na hoja nzuri ya kumwambia dereva kwamba ya mteja ni bora.