Siku ya Miguu Ilianzia Turkana

Wasee wa Kainuk, Lodwar na Kakuma, na nyinyi mnaonisoma mkiwa Nairobi, leo tuongee miguu. Kila jimu ya mtaani niliyoingia, zile za mikebe ya simiti iliyofungwa kwa bomba, foleni ni ya benchi ya kifua. Pale pa skwoti pamekauka kama laga mwezi wa Februari. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa skwoti ni ya wasichana wa Instagram, ama ni kitu ya wazungu. Hiyo ya wazungu ndiyo inaniuma.

Ukweli ni kwamba skwoti ya chuma mara nyingi inasimuliwa kuanzia kwa Mjerumani mmoja, Henry "Milo" Steinborn, aliyefika Marekani 1921. Hakuwa na stendi. Alisimamisha chuma wima, akainama chini yake, akakiacha kimwangukie mabegani, halafu akachuchumaa mpaka chini na kuinuka. Heshima kwake. Lakini kile alicholeta ni chuma mabegani. Kuchuchumaa kulikuwepo.

Njoo Kanapoi, hapa hapa Turkana, upande wa Kerio. Mwaka 1965 Bryan Patterson wa Harvard aliokota pale kipande cha mfupa wa mkono. Kwa miaka mingi watu walikitazama na hawakuweza kusema mwenyewe alikuwa nani hasa. (Ndiyo, mkono ulikuja kwanza. Hata mafosili yana watu wa benchi.) Kisha 1994 Kamoya Kimeu akapata muundi, ule mfupa ulio kati ya goti na kifundo, wa zaidi ya miaka milioni 4. Juu, pale unapobeba goti, umepanuka ili kupokea uzito. Chini umekaa wima juu ya kifundo. Maana yake mwenyewe alitembea kwa miguu miwili. Mwaka uliofuata akapewa jina, Australopithecus anamensis.

Kamoya huyo huyo ndiye aliona, mwaka 1984 kule Nariokotome, kipande kidogo cha fuvu kati ya mawe. Walipochimba, akatoka Kijana wa Turkana, karibu mifupa yote ya mtoto aliyekufa miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Alikuwa bado mdogo na tayari alikuwa na urefu wa karibu sentimita 160, miguu mirefu kama ya vijana wetu. Vitabu vingi vinataja familia ya Leakey, na walifanya kazi kubwa, sikatai. Lakini jicho lilikuwa la Kamoya, na hakuhitaji digrii kusoma ardhi. Mimi niliyeacha chuo napenda sana hiyo sehemu. Udaktari wa heshima alikuja kupewa 2021 na chuo kimoja cha Marekani, mwaka mmoja kabla afariki.

Sasa angalia mzee yeyote kwenye kivuli cha mti na ekicholong yake. Kile kigoda hakifiki hata nusu ya muundi. Kila akikaa na kila akisimama, hiyo ni skwoti ya kina, nyonga chini ya magoti, na anaifanya mara nyingi kwa siku bila kuhesabu. Akina mama nao wanashuka kwenye kisima cha mchangani, wanachota, wanainuka na mtungi. Sisi tumehamia kiti cha plastiki na boda, halafu tuko na miaka 22 na tukichuchumaa visigino vinaruka juu. Manze!

Kwa hivyo hii ndiyo yangu. Jaza mtungi wa lita 20, hiyo ni kama kilo 20. Ukumbatie kifuani, chuchumaa polepole, visigino chini, magoti yafuate vidole. Ukizoea, weka mguu mmoja nyuma juu ya jiwe na ushuke kwa ule wa mbele. Hii ndiyo itakuonyesha mguu gani ni mvivu, na wengi wetu tuko na mmoja. Usisahau nyuma: shika mtungi, sukuma nyonga nyuma mgongo ukiwa umenyooka, kisha simama kwa kukaza makalio. Ule msuli wa makalio kwetu ni mkubwa kuliko wa sokwe, na ndio unazuia kiwiliwili kuanguka mbele ukikimbia. Malizia na kuinuka kwa vidole ukingoni mwa jiwe, kwa ajili ya kano ya kisigino. Mara mbili kwa wiki zinatosha kuanza. Goti likiuma ndani, acha, punguza maji.

Na yule aliyeniandikia kwamba mguu mwembamba wa Mturkana hauwezi kubeba kitu: Jumamosi jioni niko kando ya laga na mitungi miwili. Mmoja ni wako.