Ngazi za Masomo ya Juu na Sheria ya Serikali

Kijana akitoka Niemba kwenda kusoma universite huko Kalemie, wazee humwuliza: Utarudi na diploma gani? Ulizo hilo ni la haki. Jamaa imeuza mihogo na mahindi ili kumlipia, na pengine pesa itakwisha baada ya miaka 3. Akisimama pale, atakuwa amepata kitu, ao amepoteza miaka yake bure? Tukitafuta jibu, tusitazame akili ya mtoto peke yake. Tutazame vilevile sheria, maana ndiyo inayosema kila ngazi ina heshima gani.

Zamani za Wabeleji seminari kubwa ilikuwa karibu mlango wa pekee wa masomo ya juu kwa Mwafrika wa Kongo. Stefano Kaoze alipewa upadri Baudouinville, ndiyo Moba ya leo, mwaka 1917. Universite ya Lovanium ilifunguliwa mwaka 1954, ni kusema miaka 37 nyuma yake. Lakini aliyeacha seminari njiani hakushika shahada ya serikali mkononi. Yosefu Kasa-Vubu alisoma filosofia huko Kabwe, akatoka mwaka 1939. Mwaka 1942 tunamwona karani katika ofisi ya fedha, Léopoldville. Akili alikuwa nayo, ndiyo iliyomfikisha kuwa Prezidenti mwaka 1960. Lakini masomo yake ya seminari hayakuwa na jina mbele ya serikali.

Tutazame tena wasaidizi wa waganga. Walisoma miaka mingi, wakatunza wagonjwa, lakini ngazi yao ilikuwa na ukuta mbele yake. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na daktari hata mmoja mzaliwa wa nchi mwenye shahada ya universite. Basi Shirika la Afya la Ulimwengu likasaidia kupeleka makumi yao Ufaransa. Hawakurudishwa mwanzo, masomo yao ya kwanza yalihesabiwa, na baada ya miaka michache wakarudi madaktari. Watu walikuwa ni walewale. Kilichogeuka ni amri.

Mwaka 1971 serikali iliunganisha universite zote tatu kuwa moja. Katika mpango ule mpya mwanafunzi alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Hapo aliyesimama katikati hakutoka mikono mitupu. Kazi ya serikali ilimjua: mwenye gradua aliandikwa A1, mwenye lisansi A0. Kwa sababu hiyo walimu na wauguzi wengi walichagua gradua, wakafanya kazi, na wengine wakarudi nyuma yake kumaliza.

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeamuru mpango mwingine, unaoitwa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, kisha udaktari. Kila mwaka una krediti 60. Lisansi ni 180, masta ni 120 juu yake. Somo alilolishinda mwanafunzi linabaki lake. Ni jambo jema. Lakini jina la lisansi, lililokuwa la miaka 5, sasa ni la miaka 3. Ofisi zisipofundishwa tofauti hiyo, wa zamani ataona amepunguzwa, na wa leo atadharauliwa.

Sisi wa seminari tusishangae. Hata ngazi za Eklezia ziligeuzwa na sheria: mwaka 1972 Papa Paulo VI aliondoa daraja za ostiari na eksorsisti, akaacha huduma za lektori na akoliti.

Basi, katekista ao padri akiombwa shauri na mzazi wa Niemba, aulize mambo matatu: diploma hiyo inaitwaje leo? Inafungua kazi gani? Na mtoto akisimama, ataruhusiwa kuendelea kesho? Ngazi isiyojibu maulizo hayo si ngazi bado, ni mti uliolala chini.