Tochi ya bunduki

Tochi ya bunduki ni taa ndogo ya umeme inayofungwa kwenye silaha ili mwenye kuishika amulike na kulenga kwa pamoja, mikono yake yote miwili ikibaki kwenye bunduki. Hufungwa zaidi kwenye bunduki ndogo za rashasha, yaani zile zinazotumia risasi za bastola kama MP5, na kwenye karabini, ambazo ni bunduki za mtutu mfupi. Kazi yake ni moja: kumtambua aliye gizani kabla kidole hakijafika kwenye kifyatulio. Katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani kupitia Msambweni hadi Vanga, kazi hiyo ina ugumu wa aina mbili. Usiku wa huko una watu wengi walio kwenye shughuli halali, na hewa ya huko inakula chuma.

Asili yake

Picha zilizoipa umaarufu ni za tarehe 5 Mei 1980, makomandoo wa SAS wa Uingereza walipouvamia ubalozi wa Iran jijini London kuwaokoa mateka. Walibeba MP5, na baadhi ya bunduki hizo zilikuwa na tochi ya kawaida iliyofungwa juu. Udhaifu wa tochi za zama zile ulikuwa balbu: uzi mwembamba ulio ndani yake hauvumilii teke la bunduki kwa muda mrefu. Baadaye kampuni ya SureFire ya Marekani ilitengeneza kishikio cha mbele cha MP5 chenye taa ndani yake, mpiga risasi akawasha kwa kubana vidole tu. Taa nyeupe za LED, ambazo hazina uzi wa kukatika, zilimaliza tatizo la balbu.

Upande wa kufungia, hatua kubwa ilikuwa reli ya Picatinny, ambayo jeshi la Marekani liliiwekea kipimo rasmi mwaka 1995. Tangu hapo taa ya kampuni moja hukaa kwenye bunduki ya kampuni nyingine bila fundi kuchonga kitu. Njia nyingine ya kufungia, M-LOK ya kampuni ya Magpul, ilifuata mwaka 2014. Hiyo ni nyepesi zaidi, kwa kuwa kishikio hubaki na matundu tu na reli huwekwa pale inapohitajika.

Lumeni na kandela

Maboksi ya tochi hujigamba kwa lumeni, yaani jumla ya mwanga wote unaotoka. Anayenunua kwa kuangalia lumeni peke yake hununua nusu ya habari. Kandela ndiyo hueleza ukali wa mwale katikati, na ndiyo huamua mwanga utafika wapi. Tochi ya kandela 10,000 huandikwa kwamba inafika mita 200. Hesabu hiyo ni sahihi, ila kipimo kinachotumika huhesabu mwisho wa mwale pale mwanga unapobaki robo ya luksi, ambao ni karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kwa hiyo kwenye mita 200 utajua pana mtu. Hutajua ni nani wala ameshika nini. Kwa mita 50 tochi hiyohiyo hutoa luksi 4, na hapo ndipo mikono ya mtu huanza kuonekana.

Ndani ya nyumba mambo hugeuka. Kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa hurudisha mwanga usoni pa aliyeuwasha, na mwale mwembamba mkali huacha pembe za chumba gizani. MP5, ambayo ni silaha ya vyumbani, huhitaji mwanga mpana. Karabini ya askari wa wanyamapori huhitaji mwale wa kwenda mbali. Katika mashamba ya minazi hata mwale mzuri una mtego wake. Mwanga ukigonga shina lililo hatua tatu mbele, mboni ya jicho hubana, na chochote kilicho nyuma ya shina hupotea. Msimu wa masika matone ya mvua hufanya vivyo hivyo, na usiku usio na upepo wadudu hujaa kwenye mwale mpaka ukaonekana kama vumbi.

Usiku wa pwani ya kusini

Kwale, kaunti yenye pwani hii, iko nyuzi nne tu kusini mwa ikweta. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano mwaka mzima, na baada ya magharibi giza halichelewi. Lakini giza hilo halina maana kwamba watu wamelala. Bamvua likikausha mwamba usiku, wapo wanaoingia na tochi na chuma chembamba kutafuta pweza. Wapo wavuvi wanaorudi na taa zao, vijana wa bodaboda, na walinzi wa hoteli za Diani, ambao kwa kawaida silaha zao ni rungu, filimbi na tochi. Ukimwona mtu ufukweni saa nane za usiku, ana chuma mkononi na taa kichwani, yamkini anatafuta kitoweo.

Hapa ndipo kasoro kubwa ya tochi ya bunduki inapojitokeza, na watangazaji wake huipitia haraka: mwanga wake uelekeapo ndipo mdomo wa mtutu unapoelekea. Askari anayeitumia kusoma namba ya pikipiki ameielekezea bunduki pikipiki na dereva wake. Ndiyo maana tochi ya mkononi hubaki ya lazima, na ile ya bunduki huwashwa pale tu ambapo kuelekeza silaha kwenyewe kungekuwa halali. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali la Sita, humtaka afisa anayekusudia kutumia bunduki ajitambulishe, atoe onyo la wazi na aache muda onyo lizingatiwe, isipokuwa kungoja kutaweka maisha hatarini. Mwanga mkali humfanya mwenye kumulikwa asimwone anayesema naye, kwa hiyo sauti lazima itangulie au iandamane na mwanga.

Kandokando ya Hifadhi ya Shimba Hills, ambako ndovu huingia mashambani, taa inayofaa ni tochi kubwa ya mkononi pamoja na kelele za madebe. Tochi ya bunduki haina kazi hapo.

Kuifunga

Silaha zinazoonekana zaidi mikononi mwa askari wa Kenya ni G3 na za jamii ya Kalashnikov, na zile za zamani hazina reli. G3 tupu ina uzito wa zaidi ya kilo nne, hivyo gramu 150 za taa mbele kabisa husikika begani kabla zamu haijafika nusu. MP5 iliundwa na Heckler & Koch miaka ya 1960 kwa kufuata mtambo wa G3, na zote mbili zina bomba la kukokea juu ya mtutu. Kishikio cha mbele chenye reli ndicho suluhisho bora. Kubana taa kwenye mtutu wenyewe ni kazi ya haraka yenye hasara mbili: mtutu hupata moto ukaichoma taa, na mbano huweza kuhamisha risasi kutoka ilikolengwa.

Taa ikikaa nyuma sana ubavuni, mtutu hutupa kivuli kirefu upande wa pili, na kivuli hicho kinatosha kumficha mtu. Ikisogezwa mbele mno, lenzi hujaa masizi ya baruti. Mahali pazuri ni pale kidole gumba cha mkono wa mbele kinapofikia swichi bila mkono kuhama. Kwenye MP5K, ambayo mtutu wake ni mfupi sana, jambo hili si la starehe tu. Mkono unaotafuta swichi unaweza kuteleza ukafika mbele ya mdomo wa mtutu. Swichi iwe ya kubonyeza na kuachia, mwanga uzimike kidole kikiondoka. Zile za waya hufaa, ila pwani waya ndio huoza kwanza.

Chumvi

Taa nyingi zina mwili wa alumini na skrubu za chuma. Kwenye hewa yenye chumvi metali hizo mbili hazipatani: alumini hutoa unga mweupe kuzunguka skrubu, na baada ya misimu kadhaa ya kusi skrubu haifunguki tena. Dawa ni grisi kidogo kwenye hesi na ringi ya mpira ya kifuniko cha nyuma, kisha kufuta mwili kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Alama ya IPX7 huonyesha kwamba taa ilistahimili nusu saa ndani ya maji ya kina cha mita moja. Maji ya jaribio hilo hayana chumvi.

Mawe ya tochi nayo yachaguliwe kwa makini. CR123A za lithiamu hukaa miaka kumi bila kufa na zinafaa silaha ya ghalani, ila katika maduka ya Ukunda si rahisi kuzipata kama mawe ya kawaida. Zile za kuchajiwa za 18650 zina gharama ndogo kwa anayefanya zamu kila usiku. Mawe ya alkali yakisahaulika ndani huvuja yakala springi. Jaribio la kuanza zamu ni fupi: bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, washa, gonga kitako kwa kiganja mara kadhaa, tazama kama mwanga unapepesa. Ukipepesa, angalia springi kabla ya kulaumu mawe.