Nani Alisema Kwotabeki Lazima Awe Mrefu?

Wasee, kuna kitu hunisumbua kwa futiboli ya Wamarekani. Kwotabeki, yule msee wa kurusha mpira, anapimwa urefu kabla hata watu hawajauliza anarusha aje. Uko chini ya futi 6? Jina lako linashuka kwa listi.

Sababu wanayo. Mbele yake kuna majitu ya futi 6 na inchi 4 yakisukumana, na lazima awaone wenzake wanaokimbia huko mbele. Lakini hebu turudi nyuma kidogo.

Doug Flutie alikuwa futi 5 na inchi 10. Tarehe 23 Novemba 1984, timu yake ya Boston College ilikuwa nyuma 45-41 dhidi ya Miami, zimebaki sekunde 6. Akarudi nyuma, akakwepa, akaachilia mpira uliosafiri zaidi ya yadi 60 mpaka mikononi mwa Gerard Phelan. 47-45, mechi imeisha! Mwaka huo akabeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Drafti ya NFL ya 1985? Raundi ya 11. Sawa, tayari alikuwa amesaini na New Jersey Generals (eeh, timu ya Donald Trump), lakini tusidanganyane, ule urefu ulimuumiza. Akaishia Kanada, na huko akawa mchezaji bora wa ligi mara 6.

Chenye kilibadilika baadaye ni makocha. Kule Purdue, Joe Tiller alikuwa na Drew Brees, futi 6 tu. Akatawanya wachezaji uwanja mzima, na mara nyingi Brees akawa anaanzia yadi kama 5 nyuma ya mstari. Ukisimama mbali na majitu huhitaji kuona juu ya vichwa vyao, unaona katikati yao. Brees akachukuliwa raundi ya pili 2001, na Februari 2010 akashinda Super Bowl.

Kufika 2019, Kyler Murray wa futi 5 na inchi 10 alichaguliwa wa kwanza kabisa. Bryce Young, urefu huo huo, naye 2023. Msimu wake wa kwanza Young aliangushwa na mpira mara 62, na 2024 akawekwa benchi baada ya mechi mbili. Watu wakaanza tena: si tulisema ni mfupi? Jameni, ukuta ukivuja hivyo hata wa futi 6 na nusu angeona nini? Oktoba aliyechukua nafasi yake akaumia, Young akarudi, akamaliza msimu vizuri. Na hakuwa ameongeza hata inchi moja.