Mafuta ya Utando na Kugawanyika kwa Seli

Seli haigawanyiki bila kupata utando zaidi. Jiometri peke yake inaonyesha hivyo: tufe moja likigeuzwa kuwa matufe mawili yaliyo sawa, bila ujazo kuongezeka hata chembe, eneo la uso hupanda kwa takriban asilimia 26. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 utando ulitazamwa kama ukuta tu, na lipidi, yaani mafuta yanayouunda, zikahesabiwa kuwa malighafi ya ujenzi na si zaidi.

Mwishoni mwa karne ya 19 Ernest Overton, akiwa Zürich, aligundua kwamba kadiri kitu kinavyoyeyuka vizuri katika mafuta ndivyo kinavyopenya upesi ndani ya seli. Akakisia kuwa seli imezungukwa na vitu vya jamii ya kolesteroli na lesithini. Mwaka 1925, huko Leiden, Evert Gorter na François Grendel walitoa lipidi katika seli nyekundu za damu kwa kutumia asetoni, wakazitandaza juu ya maji na kupima eneo lake. Lilitosha kuifunika seli mara mbili. Ndipo wakasema utando una tabaka mbili. Jibu lilikuwa sahihi, ingawa vipimo havikuwa hivyo: asetoni haikutoa lipidi zote, na eneo la seli nalo walilikadiria chini ya lilivyo. Makosa mawili yalifutana.

Namna seli inavyotengeneza lipidi hizo ilifahamika katika miaka ya 1950, hasa kwa kazi ya Eugene Kennedy huko Chicago. Lakini kujua zinavyotengenezwa hakukueleza zinahusianaje na ukuaji. Hilo lilijibiwa na hamira.

Mwaka 1977 Susan Henry na wenzake walichunguza hamira isiyoweza kujitengenezea inositoli, kiungo kinachohitajika katika baadhi ya lipidi za utando. Hamira hiyo iliponyimwa inositoli, utando uliacha kupanuka, lakini ndani ya seli protini na vitu vingine viliendelea kuundwa. Seli zikajaa pasipo kutanuka, zikawa nzito kwa ujazo wake, hatimaye zikafa. Kilichoziua si njaa ya kawaida bali ukuaji wa ndani usioandamana na ukuaji wa nje.

Randy Schekman na mwanafunzi wake Peter Novick, huko Berkeley, waliuona uchunguzi huo kuwa chombo cha kazi. Walifikiri kwamba hamira yenye hitilafu katika kusafirisha vifuko vinavyopeleka utando mpya kwenye uso wa seli nayo itakuwa nzito, hivyo ikizungushwa kwenye mashine itazama chini ya nyingine. Ikazama kweli. Kufikia mwaka 1980 walikuwa wamebaini jeni 23 zinazohusika, na kazi hiyo ilichangia Tuzo ya Nobel ya Schekman ya mwaka 2013.

Kuhusu mgawanyiko wenyewe, jambo la kushangaza zaidi lilitoka Japani. Lipidi iitwayo fosfatidiletanolamini kwa kawaida hukaa tabaka la ndani la utando. Kazuo Emoto, Masato Umeda na wenzao walionyesha mwaka 1996 kwamba seli inapokaribia kukatika, lipidi hiyo hujitokeza nje, palepale kwenye mfereji unaotenganisha seli mbili. Ikinaswa hapo isiweze kusogea, pete ya protini inayobana kiuno cha seli haifumuki, na seli mbili hubaki zimeunganishwa kwa daraja jembamba. Mwaka 2000 walithibitisha hayo kwa seli zenye upungufu wa lipidi hiyo: zilikwama hatua ya mwisho, na zilipoongezewa zikamaliza kugawanyika.

Bakteria walipeleka hoja mbali zaidi. Bacillus subtilis akipoteza ukuta wake wa seli huendelea kuzaliana hata bila FtsZ, protini ambayo kwa kawaida huongoza mgawanyiko. Mwaka 2013 kundi la Jeff Errington, huko Newcastle, lilieleza sababu: bakteria hao hutengeneza utando kupita mahitaji ya ujazo wao. Uso uliozidi hujikunja, huchomoza vinundu na mirija, kisha hukatika vipande vyenye uhai, bila mtambo wowote maalumu wa kukata.