Amana ya Janów

Mashariki ya Poland, karibu na mto Bug, lipo shamba la serikali la kuzalisha farasi liitwalo Janów Podlaski. Lilianzishwa mwaka 1817, na sifa yake kubwa ni farasi wa Kiarabu.

Msimamizi wa shamba la namna hiyo hupanda mbegu isiyoota upesi. Farasi jike huchukua mimba miezi kumi na mmoja, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Mtoto huyo hupita miaka minne au zaidi kabla ya kupevuka. Msimamizi akikosea katika kumchagulia jike dume, kosa hudhihiri baada ya miaka, nalo huwa limekwisha kuingia katika damu. Kwa hiyo daftari la nasaba lina thamani sawa na zizi lenyewe, kwani maji yaliyomwagika hayazoleki.

Mwaka 1939 vita viliikumba Janów. Majeshi ya Urusi yalichukua farasi karibu wote, pamoja na dume mashuhuri Ofir. Hata hivyo wana wake Witraż na Wielki Szlem, waliozaliwa mwaka 1938, walisalia. Baadaye Wajerumani walilishika shamba na kulifungua tena. Andrzej Krzyształowicz, Mpoland aliyekuwa msaidizi wa msimamizi kabla ya vita, alibaki kazini. Hapo palikuwa na mtihani mzito: kubaki kulikuwa ni kumfanyia kazi adui, na kuondoka kulikuwa ni kuiacha mikononi mwake amana ya zaidi ya miaka mia.

Mwaka 1944 majeshi ya Urusi yalipokaribia tena, farasi walihamishiwa Ujerumani. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945 msafara wa madume ulikuwa ndani ya mji wa Dresden, mabomu yalipoanza kuanguka. Madume mengi yaliangamia. Saisi mmoja, Jan Ziniewicz, aliwashika Witraż na Wielki Szlem wote wawili katikati ya moto, wala hakuziachia hatamu zao.

Mwaka 1946 farasi waliosalia walianza kurudishwa Poland, na mwaka 1950 Janów ilipata farasi wake tena. Krzyształowicz aliliongoza shamba tangu mwaka 1956 hata 1991. Katika mwaka huo wa 1956 alizaliwa Bask, mwana wa Witraż; naye alinunuliwa na Wamarekani mwaka 1963, na mwaka 1964 akawa bingwa wa taifa lao.

Ushindi huo haukuwa wa farasi peke yake. Msimamizi alijua nasaba iliyostahili kuokolewa, lakini usiku ule ujuzi wake wote ulitegemea mikono miwili ya saisi. Madaftari huandika majina ya farasi, baba zao na mama zao. Majina ya walioshika hatamu hayamo katika nasaba, ingawa pasipo wao nasaba ingalikatika.